Bado Unanukia

"Nawa tena," Fundi alisema. "Bado unanukia."

Walikuwa kwenye chumba cha nyuma cha duka la dawa, Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa. Mfamasia alifungua bomba la sinki, akachukua sabuni ya hospitali isiyo na manukato, akajisugua kuanzia vidoleni hadi kwenye viwiko. Asubuhi nyumbani alikuwa ameshajisugua hadi ngozi ikamwasha, na harufu ya msandali haikutoka. Ingetokaje? Kila alfajiri mama yake aliwasha taa ya samli mbele ya picha za miungu, akasali, akasaga kipande cha mti huo wa manukato juu ya jiwe, kisha akampaka binti yake alama kwenye paji la uso kabla hajatia mguu nje. Maisha yake yote imekuwa hivyo. Harufu ilikuwa imehamia kwenye nywele, kwenye mkoba, kwenye mishono ya koti lake jeupe la kazini.

"Haya, sasa?" Alimnyooshea mkono uliokuwa ukichuruzika maji.

Fundi aliushika, akauinua hadi puani, akafumba macho. Kwa mtu aliyekuwa akitafuta kasoro, alikawia sana. Mfamasia alimtazama kope, akatazama alama nyeusi ya grisi ambayo haikutoka kamwe pembeni ya kucha zake, na moyo ukamlegea kama kawaida yake ukimwona mtu huyu kwa karibu.

"Sijui nanusa au nakumbuka," Fundi alisema.

Wakacheka wote wawili. Kisha wakaacha kucheka, maana walikuwa wanakumbuka kitu kimoja.

Fundi alikuwa fundi wa lifti. Walikutana siku Mfamasia alipokwama peke yake kwenye lifti ya jengo alikokwenda kwa daktari wa macho. Taa zilizimika. Alibonyeza kengele ya hatari mpaka ikakauka sauti, halafu kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaanza kuimba taratibu wimbo wa kumwomba Ganesha, yule mungu anayeondoa vikwazo njiani. Akasikia sauti ya mwanamume kutoka juu ya paa la lifti ikisema, "Dada, usiache kuimba. Nikikusikia najua hewa ipo." Alipomvuta nje, akiwa amechafuka uso mzima, alimwambia maneno ambayo Mfamasia aliyarudia moyoni kwa wiki nzima: "Nimekujua kabla sijakuona. Hili shimo siku zote linanuka grisi na panya. Leo limenuka kama mtu ametoka kusali." Tangu siku hiyo alimwita Kengele.

Na leo, siku ya kumpeleka kwao kumtambulisha, mtu huyohuyo anamwambia ajisugue.

"Kuna huu pia," Fundi alisema, sauti imeshuka. Alikuwa akigusa uzi mwekundu uliofungwa kwenye kifundo cha mkono wa kulia.

"Mama ndiye aliufunga."

"Najua, Kengele. Utamwambia umekatika kazini."

"Unataka nimdanganye mama yangu?"

"Ni leo tu. Baba mkubwa akikuzoea, akikupenda, tutamwambia polepole. Wewe hujui ile nyumba. Nakuomba tu." Akamtazama kwa yale macho yake ya kuomba, na Mfamasia akachukua mkasi wa kukatia bendeji. Uzi ulianguka ndani ya sinki. Maji yakauchukua kabla hajapata nafasi ya kuuokota.

"Na lile jina usilisahau," Fundi akaongeza, akikwepa macho yake. "Ukiitwa, uitike haraka. Ukisita watashtuka."

Alikuwa amewaambia kwao jina jingine, jina la mtu wa popote, lisilo na mungu ndani yake. Mfamasia alilijaribu mdomoni. Lilikuwa kama kuvaa viatu vya mgonjwa.

Katika mji ule hakuwahi kuhitaji kumwambia mtu kwamba yeye ni Mhindu. Watu walijua tu. Muuza samaki wa pale kona, ambaye hawakuwahi hata kusalimiana naye, alikuwa akimwona kwa mbali anasukuma beseni chini ya meza mpaka apite. Bibi mmoja mgonjwa wa presha alikuwa akija duka likifunguliwa tu, anasema, "Umetoka kusali, mwanangu, nasikia harufu. Basi nipime sasa hivi kabla baraka hazijapoa." Wapo pia waliojua kwa ubaya. Kijana mmoja alirudisha chupa ya dawa ya kikohozi akauliza kama imeombewa na masanamu, wenzake wakacheka, naye Mfamasia akambadilishia chupa. Alizoea yote mawili. Kilichomwogopesha leo ni kitu kipya: kwa mara ya kwanza alitaka kutojulikana, na hakujua inavyofanyika.

Walichukua teksi. Dereva alikuwa mtu wa makamo, gazeti limekunjwa juu ya dashibodi. Walipopita mbele ya hekalu, Mfamasia alikuwa anamsikiliza Fundi akieleza jinsi ya kumsalimu baba mkubwa, kwamba usikae kabla hajakaa, usimkatishe akisimulia. Kichwa chake kikainama chenyewe kuelekea lile lango, na vidole vikagusa kifua. Hata yeye hakujua kama amefanya, ila aliona macho ya dereva kwenye kioo.

"Nilijua tu," dereva alisema kwa furaha.

"Ulijua nini?" Fundi aliuliza kwa ukali.

"Kwamba dada ni Mhindu. Tangu alipopanda. Gari limetulia ghafla kama chumba cha kusalia. Halafu hapo nyuma ameitikia kama mtu aliyesalimiwa." Akatazama tena kioo, furaha ikampungua. "Kwani ni siri?"

"Endesha, kaka."

Dereva akaendesha. Fundi akamshika Mfamasia mkono, akaubana zaidi ya mapenzi.

"Umeona? Hata dereva."

"Nimeona. Unataka ninawe na shingo?"

"Usinifanyie mzaha, Kengele. Baba mkubwa si dereva. Baba mkubwa ni mtu wa mbao. Unamfunga kitambaa machoni, unampa ubao anuse, anakwambia ni mti gani, umekatwa lini, na aliyekuuzia alikuibia kiasi gani. Mtu akiingia kwake, anamsoma vilevile."

"Sasa kama atanisoma, tunajificha nini?"

Fundi alimwomba dereva awasubiri nje wakifika, maana hawatakaa sana. Dereva akasema hana neno, ana gazeti lake.

Nyumba ilikuwa nyuma ya ukuta mrefu, imeungana na karakana ya mbao. Sebuleni kuta zote zilikuwa za mbao zilizopigwa vanishi, hazina picha, hazina kalenda, hazina hata ua la plastiki. Mfamasia alijisikia kama ameingia ndani ya kabati na mtu amelifunga.

"Karibu, mkwe! Karibu sana!" Baba mkubwa alikuja akicheka, mnene, mwepesi wa miguu. "Mimi nacheka sana, usiniogope. Wanaopaswa kuogopa ni wale nilioacha kuwachekea." Akacheka tena, Fundi akacheka, na Mfamasia akaona kwamba Fundi alicheka kwa haraka kama mtu anayelipa nauli.

Alimwita kwa lile jina. Mfamasia akaitika. Baba mkubwa akatulia kidogo, pua imeinuka, kama mtu aliyesikia mlio jikoni.

"Duka lako la dawa lina hewa nzuri?" aliuliza.

"Nzuri, mzee."

"Vizuri. Maana dawa huwa zinaacha harufu. Wewe huna. Nimekutana na watu wengi, lakini mtu asiye na harufu kabisa, hilo ni jambo la kushangaza. Mtu wa namna hiyo ametoka kujisugua." Akacheka. "Nakutania. Kaa, kaa."

Mama yake Fundi aliingia na sinia la maji. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole mno, anayetembea akifuata ukuta. Mfamasia alisimama kumpokea, na kwenye zile hekaheka za kusogezana, mguu wake ukaukanyaga mguu wa yule mama.

Hakufikiri. Mtoto wa kwao akikanyaga mtu au kitabu kwa bahati mbaya, mkono huenda kuomba radhi kabla mdomo haujafunguka. Aliinama, akagusa vidole vya mguu vya yule mama, akapeleka mkono wake kwenye paji la uso.

Gilasi ziligongana kwenye sinia. Mama yake Fundi alisimama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali sana. Mfamasia akainua macho, wakatazamana, na kwenye uso ule hakuona hasira wala mshangao. Aliona kiu.

"Samahani, mama," Mfamasia alinong'ona.

"Si kitu, mwanangu."

Baba mkubwa alikuwa anakoroga chai yake. Kijiko kilizunguka, kikazunguka, ingawa sukari ilikwisha yeyuka zamani.

Chakula kilipoletwa, baba mkubwa mwenyewe alichukua mwiko na kumpakulia mgeni. Vipande vya nyama, kimoja juu ya kingine, huku akimtazama usoni.

"Kula, mkwe. Hapa kwetu mtu tunamjua kwa anavyokula."

Mfamasia hakuwahi kula nyama. Alikuwa amekubaliana na Fundi kwamba atasema tumbo linamsumbua. Akamtazama Fundi. Fundi alitazama sahani yake. Akarudisha macho kwa baba mkubwa na kukuta lile tabasamu liko palepale, linasubiri, halina haraka.

"Mimi, mzee, tumbo langu..."

"Tumbo lina nini? Mfamasia anaumwa tumbo? Basi wateja wako nawaonea huruma!"

"Ana vidonda vya tumbo," mama yake Fundi alisema kutoka mlangoni. "Kaniambia sasa hivi. Daktari kamkataza nyama." Akaja, akaiondoa sahani ile mbele ya mgeni kwa mkono uliotulia ajabu. "Njoo jikoni, mwanangu, nikutafutie kitu laini."

Baba mkubwa aliacha kucheka. Ilikuwa kwa kitambo kidogo tu, lakini Mfamasia aliuona uso ulivyo bila kile kicheko, akatamani kirudi.

Jikoni mama yake Fundi alirudisha mlango, akafungulia bomba lipige kelele.

"Sikukwambia kitu kuhusu tumbo, mama," Mfamasia alisema.

"Hukuniambia. Mkono wako ndio ulioniambia." Alikuwa anakata mkate bila kuutazama. "Mimi mguu wangu ukigonga kitabu, mkono bado hutangulia. Nimejifunza kuufanya ujikune kichwani. Miaka yote hii wanadhani nina mba."

Mfamasia alishika ukingo wa meza.

"Mama, na wewe ni..."

"Nilikuwa. Sijui mtu anasemaje. Mama yangu alikuwa akiniamsha kwa kengele ndogo ya shaba. Baba yake huyu kijana alinipenda sana, usije ukadhani hakunipenda. Aliniomba nifute alama ya usoni siku ya kuja kumwona kaka yake. Siku moja tu, alisema. Nikafuta. Halafu akaniomba niache kufukiza udi, kaka mtu kifua kinambana. Nikaacha. Halafu jina. Halafu tukaombwa tupunguze safari za kwa mama, watu wanasema. Hakuna aliyenipiga, mwanangu. Hakuna aliyenitukana hata siku moja. Niliombwa tu, kwa upole, na kila kitu kilikuwa kidogo."

"Na mama yako?"

Kisu kilisimama.

"Alifariki. Niliambiwa na muuza vitambaa sokoni, mtu ambaye hata hanijui. Alinitazama ninavyokunja kitambaa, akasema, wewe dada ni wa kwetu, mbona sikukuona kwenye msiba wa yule bibi wa mtaa wa nyuma? Nikasimama pale na kitambaa mkononi. Msiba ulikwisha kupita. Shemeji alikuwa anajua. Aliona si vizuri kunisumbua."

Maji yaliendelea kumwagika kwenye sinki. Kutoka sebuleni kilisikika kicheko cha baba mkubwa, na nyuma yake kile cha Fundi, kidogo, cha haraka.

"Fundi anajua?"

"Baba yake alipofariki yeye alikuwa mdogo sana. Shemeji ndiye akawa kila kitu. Hajui. Hajawahi kuniuliza, na mimi nimesahau namna ya kuanza." Alimgeukia Mfamasia sasa, akamshika kifundo cha mkono, palepale uzi ulipokuwa. Ngozi pale ilikuwa nyeupe kidogo kuliko kwingine. Aliipapasa kwa kidole gumba. "Uzi uliokuwa hapa ameuvua nani?"

"Mimi mwenyewe. Aliniomba."

"Alikuombaje?"

"Alisema ni leo tu."

Mama yake Fundi alifumba macho.

"Hakuna aliyemfundisha," alisema. "Hilo ndilo linaloniogopesha. Amekuja nalo mwenyewe, kama rangi ya macho."

Mlango ulifunguliwa. Baba mkubwa alisimama pale, amejaa mlango mzima, anatabasamu.

"Maji ya watu yanakwisha, shemeji," alisema, na akalifunga bomba mwenyewe. Jikoni kukawa kimya. "Mgeni, njoo. Nina habari njema, sitaki zipoe."

Sebuleni alimketisha Mfamasia karibu na Fundi, akasimama mbele yao kama mtu anayepiga picha.

"Mimi sikatai," alisema. "Kijana wangu alikuwa anatetemeka tangu asubuhi, nilimsikia hata kupiga mswaki anatetemeka. Anadhani nitakataa! Mimi huwa sikatai mtu. Muulizeni shemeji yangu kama niliwahi kumkataa. Msichana ni mzuri, ana kazi, ana adabu. Ndoa ipo. Kazi ya dukani utaiacha taratibu, mkwe, hatuna haraka. Mama yako tutakuwa tunamtembelea sisi, yeye asijisumbue kuja. Ni mjane, si ndiyo? Nyumba ile yenye mrehani kwenye kizingiti, kwenye kijengo kidogo cha saruji. Mti mzuri. Lakini mwambieni aung'oe kabla ya posa, wageni wangu wengine mrehani unawapa mafua."

Ule ulikuwa mrehani wa ibada wa mama yake Mfamasia. Hakuna aliyemwambia mtu huyu kwao ni wapi.

"Unapajua kwetu, mzee?"

"Mkwe, mimi ningemruhusu mwanangu aoe mahali nisipopajua? Nimepita pale mara nyingi. Mama yako hunisalimu. Hunisalimu vizuri kabisa, anadhani mimi ni mpita njia." Akamwinamia, akavuta pumzi ndefu puani, akaiachia kwa raha. "Na msandali wenu ni wa asili, si huu wa kuchanganya. Sabuni ya hospitali haiwezi kuutoa. Ungeniuliza mimi."

Wao wawili walitoka hadi barazani. Fundi alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Amekubali!" alinong'ona, akimshika mabega. "Kengele, umesikia? Alijua muda wote na amekubali! Hatujifichi tena!"

"Nimesikia."

"Mbona huna furaha?"

Mfamasia alimtazama. Alimpenda. Hilo ndilo lililouma zaidi, kwamba alimpenda hapo alipo, na vidole vyake vyenye grisi, na furaha yake ya kitoto. Alitamani aegemeze kichwa pale begani na kusema ndiyo, na kesho aombwe kitu kingine kidogo.

"Siku ile kwenye lifti," alisema, "uliponiambia nisiache kuimba. Ulikuwa unamwambia nani?"

"Wewe. Nani mwingine?"

"Basi mtu huyo baba mkubwa hakumkubali. Amemkubali yule uliyemleta."

"Yatakwisha hayo. Mama yangu amekaa naye miaka yote, umemwona ana shida gani?"

Mfamasia alitaka kumwambia, maneno yakamfika mdomoni, akayameza. Hayakuwa yake.

"Nenda kamuulize," alisema mwishowe. "Nenda sasa hivi, kamuulize mama yako alizaliwa kwenye nyumba ya watu gani."

"Swali gani hilo?"

"Umewahi kumuuliza?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Fundi alionekana kama yuko kazini, kama fundi anayesikiliza waya na kusikia kitu kisichokaa sawa. Aligeuka, akarudi ndani.

Dirisha la sebule lilikuwa wazi. Mfamasia alisikia kila kitu.

"Mama," Fundi alisema. "Wewe ulizaliwa kwa watu gani?"

Kilichosikika ni kicheko cha baba mkubwa, kirefu, chenye upendo.

"Maswali ya wachumba hayo! Mama yako hakuzaliwa popote, mwanangu. Alizaliwa siku alipoingia mlango huu. Sivyo, shemeji?"

Mfamasia alisikia sinia likiwekwa juu ya meza, polepole, kwa uangalifu wa mtu ambaye hajavunja kitu maishani mwake.

"Sivyo," mama yake Fundi alisema.

Akataja jina. Lilikuwa jina la mungu wa kike, refu, tamu, na alilitamka kama mtu anayepita gizani kwenye chumba anachokijua, bila kugonga kitu. Akataja jina la mama yake, na jina la mtaa. Sauti haikupanda hata kidogo. Fundi aliuliza kitu, sauti ikamkatika katikati, na mama yake akamjibu, "Ndiyo, baba. Tangu mwanzo. Na wewe nusu yako."

"Shemeji," baba mkubwa alisema. "Umechoka. Nenda kapumzike."

Hatua zilisikika. Hazikwenda chumbani. Mlango ulifunguliwa na mama yake Fundi akatoka barazani na ndala zake za jikoni, aproni bado kiunoni. Fundi alikuwa nyuma yake, macho mekundu. Alimshika mama yake kiwiko, na mkono mwingine akautoa kwa Mfamasia bila kumtazama, kama mtu asiyejua kama bado ana haki ya kuutoa. Mfamasia aliushika.

Baba mkubwa alifika mlangoni. Hakufoka wala hakuwafuata. Aliegemea fremu akaipapasa kwa kiganja, kama anavyopapasa mbao zake.

"Chakula cha jioni kitakuwa mezani kama kawaida," alisema. "Mtarudi. Watu wote hurudi, wakishagundua huko nje hakuna anayewajua."

Dereva alikunja gazeti. Alipowaona watatu badala ya wawili, alifungua mlango wa nyuma bila kuuliza. Mama yake Fundi alipoketi alianza kutetemeka, meno yakigongana, na Mfamasia akamvulia koti lake na kumfunika. Yule mama alizamisha uso kwenye kola, akavuta pumzi, na ndipo machozi yakaanza.

"Twende wapi?" dereva aliuliza.

Fundi, aliyekaa mbele, aligeuka. "Kengele, mimi sina pa kumpeleka."

"Kwetu," Mfamasia alisema.

"Mama yako atasema nini akiniona?" mama yake Fundi aliuliza.

"Atakuuliza kama umekula. Halafu atakuuliza tena."

Hawakuwa wamefika mbali simu ya Fundi ilipoanza kuita. Aliitazama, akaiacha. Ikakatika, ikaita tena. Dereva alijifanya hasikii. Mwishowe Fundi akaizima, akaibana kati ya magoti, na gari likawa kimya kiasi cha kusikia matairi.

Kisha simu ikaita ndani ya mkoba wa Mfamasia.

Ilikuwa namba asiyoijua. Hakuwahi kumpa mtu wa nyumba ile namba yake, na Fundi alipomtazama, alitikisa kichwa kwamba hata yeye hakumpa mtu. Akapokea.

"Mkwe!" Sauti ilikuwa changamfu kama walipokutana. "Nisamehe kukusumbua. Shemeji yangu kaondoka bila dawa zake za presha, na bila zile hawezi kulala. Nimezishika hapa. Usihangaike kurudi, nitazileta mimi mwenyewe. Kwenu napajua."

Mfamasia alimtazama mwanamke aliyekuwa amelala kwenye bega lake. Alitazama shingo ya Fundi, iliyokuwa imekakamaa, inasubiri.

"Usijisumbue, mzee," alisema. Alishangaa sauti yake ilivyotulia, ile anayoitumia kaunta akikataa kumuuzia mtu dawa isiyomfaa. "Dawa ninazo mimi."

Akamsikia baba mkubwa akivuta pumzi puani, ndefu, kama vile harufu ingeweza kupita kwenye simu.

"Haya," alisema. Safari hii hakucheka.

Simu ikakatika. Fundi aligeuka.

"Kasemaje?"

"Anasema anakuja."

Fundi alimtazama mama yake, akamtazama yeye. Kisha akamgusa dereva begani.

"Kaka," alisema, "unaweza kuongeza mwendo?"